Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujalikata Paa

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Marehemu baba aliniachia gari dogo la milango miwili lililoundwa mwaka 1966. Injini yake ingali nzima, ila bodi imeanza kuliwa na kutu. Nataka kuligeuza liwe gari la wazi lenye paa la turubai la kukunja, la aina yake peke yake, lisilo na pacha popote. Fundi mmoja ameniambia kuwa kazi hiyo ni ya siku mbili tu: kukata paa kwa grainda, kulainisha kingo, kisha kushona turubai. Je, nimwamini? – Mrithi

JIBU: Ndugu Mrithi, kukata paa ni kazi ya nusu siku, kwa hiyo fundi wako amejipa hata muda wa ziada. Kinachokula miezi ni kuirudishia bodi nguvu ambayo paa lilikuwa likiipa bila wewe kujua. Chukua boksi la viatu lililofungwa kifuniko chake kwa gundi, ulishike huku na huku, kisha ujaribu kulisokota; litakukatalia. Ukikiondoa kifuniko na kurudia, litalegea mikononi mwako. Gari ambalo bodi yake na chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni kitu kimoja, kama yalivyo mengi ya miaka hiyo, ni boksi hilohilo, na paa ndilo kifuniko chake.

Kwa hiyo lala chini ya gari utazame. Ukiona bodi imefungwa kwa bolti juu ya chesisi yenye mihimili miwili mirefu inayojitegemea, una nafuu kubwa, lakini si ruhusa ya kukata ovyo. Volkswagen Beetle ina sakafu yake imara iliyotengana na bodi, na hata hivyo kiwanda cha Karmann cha Osnabrück, Ujerumani, kilichounda Beetle za wazi kuanzia mwaka 1949 hadi 1980, kiliziongezea vyuma vya kuimarisha vizingiti vya milango. Ndiyo maana gari la wazi, ambalo mtu angedhani ni jepesi kwa kupungukiwa paa, kwa kawaida huwa zito kuliko ndugu yake aliyefunikwa.

Vizingiti hivyo, yaani yale maboksi marefu ya chuma yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ndivyo vitakavyobeba mzigo, na kwa bahati mbaya ndipo kutu hupenda kujificha. Vigonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti ikibadilika na kuwa ya kufifia, sukuma ncha ya bisibisi. Ikizama, basi pale hapana chuma, pana rangi iliyoshikilia vumbi la kutu. Hapo pakatwe na pachomelewe bati jipya, na yeyote atakayekuletea puti, ule udongo laini wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, kwa kazi hiyo mrudishe alikotoka.

Sasa mpangilio wa kazi, ambao fundi wako ameugeuza kichwa chini miguu juu: kuimarisha hutangulia, kukata hufuata. Gari lisimamishwe juu ya stendi kwenye sehemu zilezile ambazo uzito wake hukaa siku zote, karibu na magurudumu, na lipimwe kwa pimamaji hadi liwe sawa pande zote. Katika kila uwazi wa mlango chomelea bomba la muda kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na mengine yakatize ndani kutoka upande hadi upande. Kabla ya hapo, pima upenyo kati ya mlango na nguzo yake, juu na chini, uandike vipimo kwenye utepe wa karatasi uliobandikwa palepale kwenye bodi. Rudia kupima baada ya kila mshono wa kuchomelea, kwa sababu joto huvuta chuma. Upenyo wa juu uliokuwa milimita 4 ukisoma 2, bodi imeanza kulala katikati. Simamisha kazi urekebishe kwanza.

Uimarishaji wa kudumu ni huu: chuma cha boksi kinachofuata urefu wa vizingiti na kuungana na sakafu, mihimili ya kukatiza chini ya viti, na ukuta wa chuma nyuma ya kiti cha nyuma unaounganisha matao ya magurudumu. Nguzo za kioo cha mbele, ambazo zilishikwa na paa kwa juu, sasa zitasimama peke yake kama miti ya goli isiyo na mwamba, hivyo miguu yake iongezewe bati nene hadi ndani ya ukuta wa injini.

Upekee unaoutafuta utaupata, kwa maoni yangu, katika mahali paa litakapolala likikunjwa. Henri Chapron, bingwa wa bodi wa Ufaransa aliyeonyesha Citroën DS yake ya wazi mwaka 1958, kabla Citroën yenyewe haijampa kazi ya kuziunda rasmi, anakumbukwa kwa umbo safi la nyuma ya magari yake. Fremu ya paa huzunguka kwenye egemeo moja kila upande, na egemeo likikosewa kwa vidole viwili tu, turubai hubaki limetuna kama mzigo wa kuni mgongoni. Tengeneza kwanza fremu ya fito nyembamba na shuka kuukuu, uifunge na kuikunja hadi uridhike, ndipo ununue chuma.

Mikanda ya usalama iliyofungwa juu kwenye nguzo itahitaji makao mapya kwenye chuma kilichoimarishwa, kamwe si kwenye bati tupu. Bima na wakaguzi waulizwe kwa maandishi mapema, kwa kuwa aina ya bodi iliyoandikwa kwenye kadi ya gari itabadilika.

SWALI: Langu lilishakatwa mwaka jana. Gurudumu moja likipanda ukingo wa barabara, mlango wa dereva haufunguki, na dashibodi hutetemeka. Nifanyeje? – Nimechelewa

JIBU: Ndugu yangu, acha kuliendesha. Usikubali lichomelewe vyuma likiwa katika hali hiyo, maana utakuwa umekikaza kilema chenyewe. Linyanyuliwe polepole kwa jeki mbili chini ya vizingiti, huku mipenyo ya milango ikipimwa, hadi irudi kuwa sawa juu na chini. Hapo ndipo mabomba ya muda yafungwe na uimarishaji niliomweleza Mrithi ufanyike. Kazi ikiisha, lishushe, panda tofali kwa gurudumu moja la mbele, kisha ufungue mlango kwa kidole kimoja.