Dawa umeitoa saa ngapi?

Wadogo zetu wapya wa maabara, poleni na sindano za kila saa. Grafu zenu za kujaribu dawa za uvimbe wa ghafla wa kongosho kwa panya tumeziona, na makosa ni yale yale ya kila mwaka. Haya, tusemezane.

1. Seruleini, kemikali tunayomchoma panya ili kongosho livimbe, ni mikrogramu 50 kwa kilo, kila saa, mara 7 hadi 10. Ukiwa na mikrogramu 5 kwa mililita, panya wa gramu 25 anachomwa mililita 0.25. Sindano nane zinafika mililita 2, na kwa mwili ule hayo ni maji mengi. Kwa hiyo kundi la kulinganisha nalo lichomwe maji ya chumvi mara hizo hizo.

2. Damu isiingie kirija cha kifuniko cha zambarau, chenye EDTA ya kuzuia damu isigande! Amilezi, kimeng'enya cha kongosho tunachokipima kwenye damu, haifanyi kazi bila kalsiamu, na EDTA huinyakua yote. Mnashangilia amilezi imeshuka, kumbe aliyeishusha ni kirija. Tumieni seramu au kirija cha heparini, tena sampuli mzimue kwanza.

3. Saa ya dawa. Hili limetuumbua sote. Ratiba ya mazoea: dawa saa moja kabla ya seruleini ya kwanza, panya anauawa saa moja baada ya ya mwisho. Amilezi chini, uvimbe chini, vakuoli (viputo ndani ya seli zilizoumia) za kuhesabu kwa vidole. Furaha tele, na kichwa cha ripoti kinaandikwa “tiba”. Tiba ya nani? Mgonjwa wa kongosho haji hospitali saa moja kabla ya maumivu. Anakuja saa kadhaa baadaye, anajikunja. Rudieni jaribio, dawa itolewe baada ya sindano ya tatu au ya nne, muone kinachobaki. Dawa za oktreotidi na gabekseti zilitia moyo kwa wanyama, zikaangushwa na majaribio makubwa ya wagonjwa.

Na humo humo mna mtego mwingine. Seruleini hupitia kipokezi cha homoni ya kolesistokinini kwenye seli za asinari, zile zinazotengeneza vimeng'enya vya kongosho. Dawa inayoziba kipokezi hicho haijalinda kongosho. Imezuia ugonjwa usianze. Chukueni seli za asinari zilizotengwa, zipeni seruleini pamoja na dawa, mpime kama bado zinamwaga amilezi. Kisha rudieni kwa njia nyingine ya kuanzisha ugonjwa isiyopitia kipokezi hicho, mathalani L-arginini. Dawa na seruleini zote kwa sindano ya uwazi wa tumbo? Hapana, zitakutana humo na hamtajua nini kilifyonzwa. Dawa ipite mdomoni au chini ya ngozi.

Kutanguliza dawa si haramu, jamani. ERCP, kipimo cha kupitisha kamera mdomoni hadi mirija ya nyongo na kongosho, ina tarehe, na indometasini miligramu 100 kwa njia ya haja kubwa hupunguza uvimbe wa kongosho wa baada yake. Ila iiteni kinga.

4. Kongosho hujimeng'enya lenyewe. Litoeni kabla ya ini na mapafu, mkianzia upande wa wengu, mafuta myaache, kisha formalini 10%. Msomaji wa slaidi asijue makundi. Na kuandika “DAWA” pembeni ya kioo kwa penseli, halafu kumwambia asiangalie, hakuhesabiki.