Kantri na Kipunjabi: zinafanana wapi hasa

Ndugu, umeuliza kama kufanana kwa kantri (muziki wa "country" wa Marekani) na muziki wa Kipunjabi, wa eneo la Punjab huko India na Pakistan, kunaishia kwenye matrekta na pombe. Hapana. Mashairi ya pande zote mbili yana mizizi mikubwa kwa wakulima wenye fahari ya ardhi: huku wakulima wa kusini mwa Marekani, kule Wajatt, jamii ya wakulima wa Punjab. Madereva wa malori na huzuni ya kuhama vimo kote. Tena kuna nyimbo za majibizano za mume na mke: linganisha waimbaji wa kantri George Jones na Tammy Wynette, na wale wa Kipunjabi, Amar Singh Chamkila na Amarjot, ambao waliuawa pamoja mwaka 1988.

Lakini sikiliza ala, ndipo utamu ulipo. Tumbi, ala ndogo ya Kipunjabi iliyopata umaarufu kupitia mwimbaji Lal Chand Yamla Jatt, ina uzi 1 tu, unaodonolewa kwa kidole cha shahada. Banjo ya nyuzi 5, ala ya kantri, ina uzi mfupi unaorudia noti ileile juu ya melodi. Zote mbili hutoa sauti kali, kavu, ya kurudiarudia.

Ukitaka kuzichanganya, anza na dhol, ngoma kubwa ya Kipunjabi. Mdundo wake uitwao chaal una mapigo 8 yanayoyumba: katika kila jozi, la kwanza ni refu kuliko la pili. Chagua kantri ya mwendo wa shafo ("shuffle"), ambayo nayo huyumba hivyo. Ukiweka dhol juu ya kantri iliyonyooka, yenye mapigo ya urefu sawa, mapigo yanagongana na wimbo unachechemea. Kisha tyuni tumbi ifuate ufunguo (noti ya msingi) wa mwimbaji, maana uzi mmoja hauna pa kujificha ukiwa nje ya tyuni.