Chaja kumi, nafasi sita

SWALI: Tuna kibanda chenye chaja 10 za betri za pikipiki za umeme, kila moja kilowati 1, kwenye breka ya ampea 32. Hakuna kompyuta ya kuziongoza. Kidhibiti cha kila chaja husoma mita kuu kila dakika: mzigo ukiwa chini ya kilowati 6 kinawasha, ukifika 6 kinazima. Zinawaka zote, zinazima zote, usiku kucha. Fundi anasema ni waya. (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Waya uacheni. Chaja zenu ni mapacha: programu moja, mita moja, dakika ileile. Zikiona sifuri zote huingia. Zikiona 10 zote hutoka. Kwa mwendo huo hazitagawanyika kamwe sita kwa nne.

Kwa nadharia ya michezo, yaani hisabati ya maamuzi yanayotegemeana, kila chaja ni mchezaji anayetaka kuwaka ila hataki jumla ivuke 6. Zikiwaka sita, ya ndani haina sababu ya kutoka wala ya nje ya kuingia. Hali hiyo, ambapo hakuna anayefaidika kwa kubadili peke yake, huitwa msawazo wa Nash, na hapa iko 210, maana sita zozote zinafaa. Hoja ya mwanauchumi Robert Rosenthal ya mwaka 1973 kuhusu michezo ya kugombea kitu cha pamoja inaonyesha kuwa wachezaji wakibadili mmoja mmoja, watafika kwenye msawazo.

Kwanza rekebisheni sharti. Iliyozima iwake tu ikiwa mzigo ukijumlisha 1 hauzidi 6. Iliyowaka izime tu mzigo ukizidi 6. Kwa sharti lenu la sasa, hata zikifika sita kamili zote zinazima!

Kisha wekeni bahati nasibu: sharti likitimia, chaja ibadilike kwa uwezekano wa 1 kwa 10, la sivyo ingoje dakika nyingine. Nafasi moja ikigombewa na chaja tano, mbili au zaidi huingia pamoja kwa takriban asilimia 8 tu. Kilowati 7 kwenye volti 230 ni ampea 30 hivi, breka inahimili, na moja itatoka baada ya dakika mbili hivi.

Nne zilizobaki nje zitakaa njaa, kwa hiyo iliyowaka dakika 40 itoke na ingoje 15.

Haya yanafaa chaja zikiwa za mwenye mmoja, kwani matakwa ya kila chaja mmeyaandika ninyi. Zikiwa za madereva mbalimbali, atakayeifanya 1 kwa 10 yake iwe 10 kwa 10, na kufuta sharti la kutoka, atajaza betri kabla ya wenzake. Hapo kila chaja iwe na mita yake, na umeme ulipiwe kwa uniti, ili kila mmoja alipie alichotumia.