Kulenga shabaha nyumbani na bunduki ya upepo: bunduki yenyewe inunue mwisho

Wakuu, mtu akiona karatasi zangu za shabaha swali la kwanza huwa ni hilohilo, umenunua wapi na bei gani. Hakuna anayeuliza risasi ikishatoboa karatasi inaenda wapi. Sasa kwa mnaoanza, bunduki ndo kitu cha mwisho kununua, kabla yake kuna polisi, kuna ukuta, na kuna sanduku la kunasa risasi, na mazoezi mengi ya maana unaweza kuyaanza hata kabla hujaishika.

Ya polisi tumalize mapema. Watu wanadanganyana eti ya upepo ni toi tu. Tanzania tuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, na anayejua kifaa chako kinaangukia wapi si muuzaji wa Kariakoo wala jamaa anayekuagizia mzigo China. Nenda kituoni na maelezo ya kitu chenyewe, aina, kipenyo, nguvu yake, uulize kabla hujatoa hata senti, wakikwambia haiwezekani basi imeisha hiyo. Ukiruhusiwa, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa nao wajue, sababu huku kwetu mlio mmoja wa "paa" saa moja jioni unatosha kujaza watu getini.

Ukuta sasa, na hapa ndo nataka mkae sana. Kama umepanga chumba na sebule na korido mnachangia na wapangaji wengine, kufyatua sahau kabisa, sisemi kwa dharau, ila mlango ukifunguka na mtoto wa jirani anakimbiza mpira risasi haina breki. Sheria yangu ni moja: mtu yeyote asiweze kutokea mbele yako bila kwanza kupita nyuma yako. Ukitazama nyumba yako kwa jicho hilo utashangaa sehemu zinazobaki ni chache, pengine korido ya ndani yenye mlango mmoja au uchochoro kati ya nyumba na ukuta wa fensi. Wa Goba, Bunju na Kigamboni mna nafasi, sawa, lakini fensi ya mabati msiihesabu kama ukuta, bunduki ya upepo yenye nguvu inatoboa bati jembamba na nyuma ya bati kuna shangazi anaanika dagaa. Ukuta wa tofali za bloku nao ukiachwa mtupu unarudisha risasi, na zile gololi za chuma ndo balaa, zinagonga na kurudi kwako na kasi bado ipo. Gololi mimi sishauri kabisa nyumbani. Tumia zile zilizotengenezwa kwa madini laini ya risasi (lead), zenye kiuno, na miwani ya kukinga macho avae kila aliyepo, hata anayetazama tu, miwani kama ile ya mafundi wa grinda, iwe nzima haijapasuka.

Sanduku mpe seremala akutengenezee, liwe pana kuliko unavyodhani sababu siku za mwanzo risasi zako zitatembea, nyuma weka bamba la chuma la kueleweka, ndani sokomeza matambara ya mitumba kwa nguvu mpaka yagome kuingia, mbele funika na boksi gumu ubandike karatasi hapo. Kitu ambacho wengi hawakitegemei ni kwamba ukianza kupiga vizuri risasi zinapita tundu lilelile, zinachimba handaki kwenye matambara mpaka zinafika kwenye chuma. Kwa hiyo kila ukimaliza fungua, changanya matambara, okota risasi zilizotumika. Ni madini ya risasi hayo, yana sumu, usiweke mdomoni hata kwa sekunde kama wanavyofanya wengine wakiwa wanapakia, nawa mikono na sabuni kabla hujagusa chapati, na watoto wasichezee yale mabaki.

Umbali. Mchezo wa Olimpiki wa bunduki ya upepo unapigwa mita 10 kwa risasi ya milimita 4.5, katikati ya shabaha pakiwa mita 1.4 toka chini. Duara la katikati la pointi kumi kwa bastola ya upepo lina upana wa milimita 11.5, la bunduki ndefu ni nukta ya nusu milimita, yaani nukta ya kalamu. Huna mita 10? Piga mita 5 na uprinti shabaha nusu ya saizi, kwa jicho inaonekana vilevile, sema tundu la risasi halipungui kwa hiyo pointi zitakupendelea kidogo, usizitangaze.

Mazoezi yenyewe sasa. Mmemwona yule Mturuki Yusuf Dikeç kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mkono mfukoni, macho yote wazi, akaondoka na medali ya fedha ya bastola ya upepo, timu ya mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke, yeye na Şevval İlayda Tarhan. Watu walicheka ule mkono kama mbwembwe, kumbe mkono usiotumika ukiutia mfukoni au kwenye mkanda mwili unatulia, karibu wapiga bastola wote wanafanya hivyo. Anza na hilo. Simama, geuka ubavu, chukua kitu chenye uzito wa kilo moja hivi, chupa ya maji inatosha, nyoosha mkono uelekee ukuta mweupe, shikilia sekunde kumi, shusha, pumzika, rudia. Utachoka vibaya na bega litauma, na hiyo ndo kazi yenyewe. Ukishakuwa na bastola jicho liangalie kilengeo cha mbele, kile cha kwenye ncha ya mtutu, hicho ndo kionekane safi, shabaha iachie iwe na ukungu. Wageni wote wanafanya kinyume, wanakodolea shabaha alafu wanashangaa risasi imeenda kushoto.

Triga unaibonyeza taratibu, nguvu ikiongezeka kidogokidogo, mpaka mlio unakukuta hujaupanga, na ukishafyatua usishushe mkono, baki umelenga sekunde mbili. Kwenye mtutu wa bunduki ya upepo risasi inachelewa kutoka ukilinganisha na ya baruti, ukitikisika mapema umeiharibu ikiwa bado ndani.

Wenye bunduki ya springi, ile ya kukunja mtutu, mna mambo yenu. Msiibane. Ile inaruka mbele na nyuma kabla risasi haijatoka, ukiikaba inapiga kila siku sehemu tofauti, ilaze tu kwenye kiganja kama imewekwa juu ya mto. Msiifyatue bila risasi maana pistoni inagonga chuma kwa chuma, na msiiache imekunjwa ikisubiri, springi inachoka na siku moja mtu mwingine ataigusa. Zile zinazosukuma risasi kwa gesi ya CO2 ya kwenye kichupa, kwa joto la Dar zinabadilika tabia, gesi ikipata joto presha inapanda na risasi zinapanda juu kwenye karatasi, kwa hiyo usiiache kwenye gari pale juani na usianze kugeuza vilengeo mchana ukaja kulalamika usiku. Zile za kujazwa upepo wa presha kubwa, bar 200 hivi, ndo tamu kuliko zote lakini kompresa ya fundi tairi haifiki huko hata robo, utahitaji pampu yake maalum, na tafadhali sana asije mtu akajaza oksijeni ya mafundi wa kuchomelea, ikikutana na mafuta ndani inalipuka.

Halafu kunguru. Najua. Kunguru wa Dar wanakera, wanaiba mpaka samaki kwenye sufuria, na kila mgeni kwenye hili jambo anamtazama kunguru wa kwanza kwenye mwembe anawaza. Acha. Ukilenga juu ya mti nyuma yake hakuna sanduku, kuna anga na mabati ya watu, hapo umeshatoka kwenye mazoezi.

Abhinav Bindra wa India, aliyechukua dhahabu ya mita 10 Beijing 2008, alikuwa na uwanja wake wa kulengea nyumbani kwao, kwa hiyo nyumbani panatosha kabisa ukipapanga. Ukimaliza, hakikisha haina kitu ndani, ifute jasho na chumvi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, huku pwani kutu inaingia kwa siku chache tu, ifungie kwenye kabati lenye kufuli na risasi zikae kabati lingine, na funguo usiining'inize msumarini sebuleni.