Maswali ya wasomaji: Nimlipe trena wa jimu au nijisimamie mwenyewe?

Meseji za mwezi huu nyingi zinauliza kitu kimoja tu, hela ya trena inalipa au hailipi. Nimechagua tatu, kwa sababu kila moja ina jibu lake.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 36, naishi Tabata na ofisi iko Posta. Watoto wote nimejifungua kwa operesheni, mdogo ana mwaka na miezi miwili. Nimejiunga jimu ya jirani nalipa elfu 60 kwa mwezi, sasa kuna trena pale anasema nikiongeza laki mbili na nusu atanisimamia siku tatu kwa wiki na ananihakikishia kilo 10 zinatoka mwezi wa kwanza. Siku ya kwanza alinifundisha bure, akanipigisha sitapu 100, zile za kulala chali na kunyanyua kiwiliwili, ili tumbo liondoke, mgongo ukauma siku nne. Mume wangu anasema hiyo hela bora tununue mchele na mafuta, mazoezi hata barabarani yapo. Moyo unataka ila naogopa kupigwa hela. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana na mgongo. Huyo usimlipe. Lakini pia usiende kumwambia shemeji yangu kwamba ameshinda, maana kwa mtu wa hali yako trena anayejua kazi yake anaweza kuwa hela nzuri kuliko zote utakazotoa mwaka huu, tatizo ni huyu uliyempata.

Tuanze na hizo kilo 10 za mwezi mmoja. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kalori 7,700, kwa hiyo kilo 10 ni kalori 77,000, gawanya kwa siku 30 unapata zaidi ya 2,500 kila siku ambazo inabidi mwili upungukiwe. Mwanamke wa kazi ya ofisini wengi hata hawatumii kalori hizo kwa siku nzima! Yani ungefunga kula kabisa mwezi mzima bado hesabu ingegoma. Kasi ambayo madaktari wanaikubali ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, na anayekuahidi zaidi ya hapo ama hajui ama anajua na anakudanganya, na vyote viwili hupaswi kuvilipia.

Na saa moja ya jimu kwa mtu wa kawaida inachoma kama kalori 300 hivi, chapati moja ya mafuta inakaribia kuzirudisha zote. Nakwambia hivi sio ukate tamaa, mazoezi yana faida kubwa sana kwenye presha, sukari, usingizi, mifupa, ila uzito unaamuliwa zaidi jikoni, na trena hata awe bingwa hakai jikoni kwako. Kama shida yako kubwa ni chai yenye sukari mara nne kwa siku na kula saa nne usiku ukitoka kwenye foleni, basi anza hapo, ni bure.

Sasa sitapu 100. Hili ndo limeniuma. Kwanza mafuta ya tumbo hayatoki kwa kufanyisha tumbo kazi, mwili unatoa mafuta unapotaka wenyewe. Pili, ujauzito unaifanya ile misuli miwili ya mbele ya tumbo kuachana katikati, na kwa kina mama wengine haijarudi vizuri hata baada ya mwaka. Jipime leo usiku, lala chali kunja magoti, weka vidole juu ya kitovu vikiwa vimelala kwa upana, nyanyua kichwa kidogo, usikie kama kuna bonde katikati. Vikizama vidole viwili au zaidi, au ukiona tumbo linatokeza kama kigongo katikati, acha sitapu kwa sasa na ukamuone mtaalam wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, Muhimbili wapo na hospitali nyingine kubwa za Dar pia wapo. Atakuanzishia mazoezi ya kupumua na ya kukaza misuli ya ndani ya tumbo na nyonga, taratibu, ndo baadaye uende kwenye vyuma. Na kama ukikohoa au kuruka kamba mkojo unaponyoka, mwambie na hilo usione aibu, lina mazoezi yake na linatibika.

Trena anayejua kazi angekuuliza hayo kabla hujagusa hata mkeka. Hiki ndo kipimo changu kikubwa, sio kifua chake wala picha alizoposti. Siku ya kwanza anauliza nini? Umejifungua lini na kwa njia gani, una presha, unatumia dawa gani, uliwahi kuumia wapi, unalala saa ngapi, una muda kiasi gani kwa wiki. Halafu anakuangalia unachuchumaa na kusimama bila mzigo wowote. Halafu anaandika. Anayeandika leo umebeba kilo 8 mara 10 ndo anajua wiki ijayo akupe ngapi, na misuli inakua kwa huko kuongezewa kidogo kidogo. Yule ambaye kila siku anabuni kitu kipya ilimradi utoke jasho, halafu seti ya pili yuko WhatsApp, anakuuzia uchovu tu. Cheti pia muulize, kile cha ACE au NASM, mashirika ya Marekani yanayotoa vyeti kwa matrena, unaweza kukihakiki mtandaoni kwa jina lake, japo nimeona wenye vyeti wabovu na wasio na vyeti wazuri sana, kwa hiyo cheti kiwe cha kuongezea.

Hela sasa. Laki mbili na nusu kwa siku 12 za mwezi ni kama 20,800 kwa kila siku, na ukienda mwaka mzima ni milioni 3. Shemeji ana haki ya kushtuka! Ila nani kasema uende mwaka mzima? Ukishapona mgongo na fiziotherapia ikakuruhusu, tafuta trena mwingine, ikiwezekana mwanamke aliyewahi kufundisha waliojifungua, mkubaliane siku mbili kwa wiki kwa miezi miwili. Kwa bei ileile ni kama laki 3 na elfu 30 yote kwa yote, basi. Mwambie wazi kwamba unataka kufundishwa mpaka ujitegemee: kuchuchumaa na mzigo, kuinama na kunyanyua kitu chini bila kuumiza mgongo, kusukuma, kuvuta, kubeba mzigo ukitembea, na namna ya kupumua kwenye kila kimoja. Akuandikie ratiba ya miezi mitatu inayofuata. Baada ya hapo unaenda mwenyewe, na unamlipa siku moja moja kila baada ya wiki kadhaa akukague. Trena akikataa mpango huo kwa sababu anataka uwe wa kudumu, umeshajua anachokitafuta.

Pia mnaweza kuwa wawili au watatu, wewe na wifi au mwenzako wa ofisini, mkagawana bei, trena wengi wanakubali.

Kuna watu watasema wao wanajua kila kitu ila wasipolipia hawaendi. Hiyo nayo naiheshimu, kama umeshajaribu mwenyewe ukaacha, ukajaribu tena ukaacha, na hela haitoki kwenye ada wala chakula cha watoto, lipa bila kujilaumu. Ila jaribu kwanza vikundi vya jogging, Dar vimejaa, Jumapili asubuhi utavikuta barabarani na jezi zao, mchango wao mdogo na ukikosekana watakupigia simu kukuuliza uko wapi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Za mwendo shemeji yuko sahihi, barabara inatosha, shuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani tembea haraka haraka. Hizo siku mbili za misuli ndo zinazostahili mwalimu, mgongo wako umeshatoa ushahidi.

SWALI: Mwalimu mambo, mi kijana wa miaka 23 niko Mwanza, nina kilo 58 na nimechoka kuitwa njiti. Trena wa jimu yetu anataka elfu 80 kwa mwezi, juu ya hapo ninunue poda yake ya protini, na anasema nikiwa tayari kuna sindano za kuharakisha. Nijipange?

JIBU: Mdogo wangu, sindano hapana, na mtu anayekuuzia sindano usimlipe hata mia ya kitu kingine. Nyingi ya hizo ni homoni ya kiume. Ukiiingiza toka nje, mwili unaacha kutengeneza ya kwake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua au kuisha kabisa, na moyo unaumia kimya kimya. Una miaka 23, homoni yako ya asili iko kwenye ubora wake, itumie.

Poda ni protini tu, haina sumu ikiwa halisi ila huihitaji, we uko Mwanza bwana! Anayekuza misuli kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito zinamtosha, kwako ni gramu 93 hivi kwa siku. Dagaa wakavu gramu 100 tu wanakaribia 60, yai moja lina 6, weka maharage na kipande cha sato jioni umemaliza. Na ule wali na ugali wa kutosha kweli, wembamba wengi wanaonilalamikia hawali asubuhi kabisa.

Trena mlipe mwezi mmoja, ila awe mwingine sio huyo, akufundishe skwati (kuchuchumaa na chuma), dedilifti (kunyanyua chuma toka chini), benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) na kuvuta, halafu nunua daftari ujiandikie kila siku umebeba kiasi gani. Siku tatu kwa wiki. Usingizi usiucheze, na usitegemee shati kubana kabla ya miezi kadhaa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mamangu ana miaka 61, tuko Mombasa, ana sukari na anatumia dawa. Daktari amesema afanye mazoezi. Nimuitie trena nyumbani ama ni kumsumbua tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mpe salamu zangu. Muitie. Kwenye barua zote za leo huyu ndo ningemlipia kwanza, sababu umri huo misuli inapungua kila mwaka, na misuli ndo inayomeza sukari nyingi toka kwenye damu.

Ila kabla ya trena rudi kwa daktari umuulize mambo mawili. Moja, macho yake yamepimwa? Sukari inaharibu mishipa ya ndani ya jicho, na kubeba vizito huku umebana pumzi kunaweza kuleta damu humo ndani. Mbili, dawa yake ni ipi? Kama ni insulini au vile vidonge vya glibenklamaidi, mazoezi yanaweza kuishusha sukari mno, hata usiku ule akiwa amelala, kwa hiyo huenda dozi ikabidi ibadilishwe.

Trena akija, kipimo cha sukari kiwe mezani. Sukari ikisoma chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L) mama ale kitu kidogo kwanza, ndizi inatosha. Avae viatu vya kufunika vidole hata kama ni sebuleni kwenye zulia, na wewe umkague nyayo kila jioni maana kidonda anaweza asikihisi. Waanze na kukaa na kusimama kwenye kiti, kusukuma ukuta, kubeba chupa za maji za nusu lita, dakika 20 zatosha. Akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kuongea vitu visivyoeleweka, wasimamishe pale pale apewe soda ya kawaida yenye sukari, wapime tena baada ya dakika 15. Huyo trena akikuuliza kwa nini unampa mgonjwa wa sukari soda, tafuta mwingine.