Kompyuta haiondoi ujanja, ila inaacha alama

Ndugu yangu, umeuliza kama zabuni za Leta (serikali) zikihamia kwenye intaneti, karakana yako ya madawati hapa Bukavu itapata nafasi, ama watapewa walewale.

Nafasi itaongezeka, ila usidhani ni kwa kuwa kompyuta haina shemeji. Faida kubwa ni saa na alama. Bei yako inafungwa hadi saa ya kufungua, anayegusa kitu anaacha jina lake, na dosiye haipotei mezani. (Yangu ilipotea mara mbili, na risiti ninayo.) Jirani zetu Rwanda walianza Umucyo, mtandao wao wa zabuni, mwaka 2016, kwa mfano wa KONEPS, ule wa Korea Kusini. Ukraine na mtandao wao, ProZorro, wakafika mbali zaidi: mnada ukiisha, yeyote anasoma nani aliomba na kwa bei gani.

Tundu liko kabla ya kompyuta. Masharti ya zabuni yakishonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, utashindwa "kihalali". Yasome mapema, uliza kwa maandishi. Sheria yetu ya zabuni hapa Kongo, ya 2010, inakuruhusu kulalamika: kwanza kwa ofisi iliyotangaza, halafu ARMP, mamlaka inayosimamia zabuni za Leta.