Presha ya Mgonjwa wa Kiharusi: Usikimbilie Kuishusha

Ukimuuguza mtu aliyepatwa na kiharusi, kazi yako ya mwanzo ni kuwazuia watu wasimpe dawa ya presha kiholela. Mamangu alipolazwa, mashine ilisoma 198 kwa 104, na jamaa waliokuja kumjulia hali kutoka Majengo wakanitazama kana kwamba nimemtupa. Shangazi akatoa kidonge mkobani: "Mwanangu, mtie hiki chini ya ulimi, mimi hunishusha papo hapo." Huko kushuka papo hapo ndiko hatari yenyewe.

Mshipa wa ubongo ukiziba, pembeni ya sehemu iliyokufa huwa kuna sehemu ingali inapigania uhai, nayo hupata damu kidogo kwa vile presha imepanda. Ukiiporomosha ghafla, hata hicho kidogo hakifiki. Ndiyo maana mgonjwa ambaye hakupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na hana dharura nyingine kama ya moyo, madaktari huivumilia presha yake hadi 220 kwa 120 siku ya kwanza. Dawa hiyo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Presha sharti kwanza iwe chini ya 185 kwa 110, kisha ilindwe isipite 180 kwa 105 kwa saa 24. Mshipa ukipasuka, hesabu ni nyingine: hushushwa mapema, kwa uangalifu, namba ya juu ikielekezwa 140. Kwa macho hutambui kama mshipa umeziba au umepasuka, mpaka picha ya CT ya kichwa. Kwa hivyo kabla hujavuka feri ya Likoni, hapa Mombasa, na mgonjwa, andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Utaulizwa, maana zile saa nne na nusu huhesabiwa tangu hapo.

Na usimtie kitu mdomoni, hata maji ya ndimu, kabla hajapimwa kumeza. Uji ukipotea njia huingia mapafuni.

Ukali wa kuibana presha huanza mkisharudi nyumbani. Mama amewekewa lengo la chini ya 130 kwa 80. Nampima mkono mzima, si ule uliolegea, akishaketi dakika tano bila kuzungumza (kwake hilo ni gumu kuliko dawa). Mbaazi za nazi anakula. Ng'onda na achari, kwa chumvi yake, nimeziondoa mezani, kwa ugomvi. Presha ikisoma vizuri haachi dawa: imesoma vizuri kwa sababu anameza. Ramadhani ikikaribia, nendeni kliniki mapema mkaulize kama anaweza kufunga, na dawa zipi zihamie daku au futari. Usizipange mwenyewe.